Koti la kofia lenye mpasuo nyuma: hii ndiyo parka? Na anorak ni nini?

MzigoMpya_Moshi

Wakuu, heshima kwenu. Nauza mitumba hapa Memorial, Moshi, majaketi tu, huu mwaka wa saba. Wateja wangu wengi ni wagumu wanaobeba mizigo ya wageni mlimani, kwa hiyo koti kwangu sharti liwe na kofia. Sharti la pili, zipu isikwame.

Jumanne nimefungua belo nikakuta makoti mawili yananitoa jasho. La kwanza lebo yake imeandikwa Anorak. Halifunguki mbele, zipu inaishia kifuani, unalitumbukiza kichwani kama kanzu, na tumboni lina mfuko mmoja unaomeza mkate mzima. La pili linafika magotini, rangi ya majani makavu, lebo inasema Parka. Hili nyuma lina mpasuo katikati, kuanzia chini mpaka usawa wa makalio, na kila upande una kamba inaning'inia. Mimi nikajua limechanika. Nikampelekea fundi cherehani, akaushona mpasuo wote kwa buku mbili. Sasa ukilivaa hupigi hatua, unatembea kama bibi harusi.

Haya majina ni ya kampuni au yana maana yake? Na zile kamba zilikuwa za kazi gani?

Kitaa_Tu

Mkuu hiyo rangi ya jeshi. Uza haraka kabla hujaulizwa umeitoa wapi.

BintiTanga

Kaka yangu, fumua huo mshono leo leo. Mengine ya parka nawaachia wanaojua, mimi nizungumzie hilo la kwanza.

Niko Copenhagen, nafanya kazi jikoni na mama mmoja wa Greenland. Nimemsomea swali lako akacheka mpaka akaweka kisu chini. Neno ni lao, annoraaq. Wadenmark waliokuwa wakiwatawala ndio waliolichukua, na kwa njia hiyo likafika kwa Waingereza miaka ya 1920.

Kutofunguka mbele si ubahili wa zipu. Mwindaji wa sili (mnyama wa baharini) anakaa kwenye kayak, mtumbwi mwembamba wa ngozi, kwenye maji ambayo ukilowa ndiyo basi. Koti lao la mtumbwini, wanaliita tuilik, linakazwa kwa kamba usoni na viganjani, halafu pindo lake linafungwa kuzunguka tundu analokaa. Mtumbwi ukipinduka anapinduka nao, anajiinua kwa kasia, maji hayajaingia. Ukimwekea tundu kifuani umemuua.

Hapa Makumbusho ya Taifa nimeona makoti ya huko kaskazini yaliyoshonwa kwa utumbo. Ndiyo, utumbo wa sili: umesafishwa, umepulizwa, umekaushwa, ukachanwa ukawa kanda ndefu, kisha kanda zikaunganishwa kwa uzi wa kano. Jepesi, linapitisha mwanga, halipitishi maji. Mimi nimekua nikimsaidia bibi kugeuza utumbo wa mbuzi kwenye beseni, kwa hiyo najua unavyochanika ukiushika vibaya. Nilisimama mbele ya kioo kile mpaka mlinzi akaja kuniangalia.

Na usilidharau kwa kuwa ni koti la baridi. Wanaume wa Greenland wana anoraki nyeupe ya pamba, hiyo ni ya harusini na kipaimara. Hata mtoto wa kiume siku ya kwanza ya shule anavalishwa.

Mzee_wa_Vespa

Dada kamaliza anorak. Niongeze tu kwamba Uingereza ukimwita mtu "anorak" umemtukana kidogo: ni yule anayesimama stesheni kutwa akiandika namba za treni.

Parka asili yake ni kwa Wanenet, wafugaji wa kulungu wa nchi za baridi (reindeer) kaskazini mwa Urusi. Warusi walipokuwa wakielekea mashariki kutafuta manyoya walilibeba neno hilo Siberia nzima, likavuka bahari hadi visiwa vya Aleut na Alaska. Marekani iliponunua Alaska mwaka 1867, koti na jina lake vilikuwa huko zamani. Majina ya nguo ndivyo yanavyotembea, na wachuuzi. Hata kabuti letu, lile zito walilovaa walinzi wa usiku, lina undugu na capote ya Wareno.

Sasa mkia, yaani huo mpasuo wa nyuma. Lako ni mtindo wa M-51, koti la jeshi la Marekani la mwaka 1951, wakati wa vita vya Korea. Askari anachukua kila nusu ya mkia, anaizungushia paja lake, anafunga kamba. Upepo haupandi mgongoni, na miguu iko huru kukimbia. Fundi wako ameshona suruali ikawa sketi.

Vita vilipoisha makoti yakajaa kwenye maduka ya masalia ya jeshi, bei ya kutupa. Vijana wa Uingereza wa miaka ya 1960, waliojiita mods, walikuwa na suti za gharama na pikipiki za Vespa na Lambretta. Barabara ina mvua, injini ina oili, wakawa wanavaa parka juu ya suti. Kwa hiyo hilo koti umaarufu wake limeupatia kwenye mtumba, mkuu. Ulikuwa unauza mali iliyozoea.

Angalia kofia. Ikibanduka, huo ni mtindo wa M-65, toleo la baadaye. Lakini nakala za madukani ni nyingi kuliko za jeshi, usianze kuhesabu dola.

MzigoMpya_Moshi

Asanteni sana. Kofia haibanduki, ila lebo ina maelekezo ya mashine ya kufulia kwa lugha tano, kwa hiyo jeshi sijui lipi hilo.

Fundi amefumua, kanidai buku nyingine, nimempa. Kamba moja alishaikata akaitupa, nimeweka ya kiatu. Leo asubuhi nimemwonyesha mgumu mmoja jinsi ya kufunga mapajani, akachuchumaa, akasimama, akachuchumaa tena. Kachukua kwa 35,000, kesho anapanda kwa Marangu. Ile anorak bado ipo. Kila anayeijaribu inamkwama kichwani.