Rafu ya BL na danmei: wanunuzi ni wanawake, niipange vipi?

KaratasiNgumu (mleta mada)
Wadau, habari zenu. Duka dogo la vitabu, Toronto. Wanaoulizia BL ya Kijapani na danmei ya Kichina, yaani hadithi za mapenzi ya wanaume kwa wanaume, karibu wote ni wanawake, na wanaongezeka. Sasa hivi vitabu vipo kona ya maisha ya wapenzi wa jinsia moja, vimedoda. Nimepewa rafu ya mita moja. Niweke wapi, niagize ngapi?

BintiMaktaba
Tatizo ni hiyo kona, mkuu. BL ilizaliwa Japani miaka ya 1970 mikononi mwa wachoraji wanawake, ndani ya majarida ya wasichana. Mwaka 1978 likatoka jarida lake lenyewe, June. Hadi leo Ikebukuro, Tokyo, kuna mtaa mzima wa maduka uitwao Otome Road, na wanunuzi wake ni wanawake. Msomaji wa namna hiyo anaitafuta kwenye manga, yaani katuni za Kijapani, na kwenye riwaya za mapenzi, kwa hiyo ihamishie huko.

Halafu kagua namna zilivyosimama. Manga husomwa kuanzia kulia, hivyo asiyejua huweka jalada la nyuma mbele. Upande wenye mistari ya bei ndio nyuma. Danmei za Kiingereza, ambazo ni riwaya, zenyewe hufunguliwa kama kitabu cha kawaida.

Mgongo_wa_Kitabu
Idadi: manga moja ni kama sentimita 2, danmei kama 3. Mita yako inabeba manga 30 na danmei 12 hivi, usijaze zaidi.

Danmei za mwandishi Mo Xiang Tong Xiu, zilizoanza kutoka kwa Kiingereza mwaka 2021, ni mifululizo mitatu: mmoja una juzuu 4, mwingine 5, mwingine 8. Anza na mfululizo wenye juzuu 4: juzuu ya kwanza nakala 4, ya pili 2, zilizobaki moja moja. Ya kwanza ikibaki nakala moja, agiza siku hiyohiyo. Ikikosekana, nyingine zote zinadoda nyuma yake, maana hakuna anayeanzia juzuu ya tatu.

Nahodha wa Juzuu
Nampinga kidogo dada hapo juu: usihamishe kila kitu. Manga zinazochorwa na mashoga wenyewe kwa wasomaji mashoga ni fani nyingine, miili mikubwa, ladha tofauti. Na ile ya mchoraji Gengoroh Tagame, ya Mkanada aliyefiwa na mume wake Mjapani akaenda kumtembelea shemeji yake, si hadithi ya mapenzi bali ya familia. Aliyefuata mahaba atairudisha. Iache ilipo.

Jambo zito zaidi ni umri na maudhui. Chini ya jina hilohilo la BL kuna hadithi ya kushikana mikono tu na kuna ya 18+. Soma alama ya umri nyuma ya kila juzuu. Za 18+ ziache kwenye nailoni, rafu ya juu. BL za zamani nyingi zina kulazimishana kimwili kunakopewa sura ya mapenzi. Mgeni akikutana nako bila kuonywa hatarudi dukani. Andika kikadi chini ya kila mfululizo: umri, idadi ya juzuu, kama umekamilika, mwisho mwema au mchungu. Wasomaji wa danmei huuliza hilo la mwisho kabla hata ya bei.

Kibao cha rafu kisiandikwe "fujoshi". Maana yake ni mwanamke aliyeoza. Wasomaji hujiita hivyo wao kwa wao, muuzaji hana ruhusa hiyo.

KaratasiNgumu
Asanteni sana. Mteja akiandika majina mawili ya wahusika yenye x katikati?

BintiMaktaba
Kwa desturi ya Kijapani, wa kwanza ni seme, anayeongoza. Wa pili ni uke, anayeongozwa. Ukiyageuza umempa kitabu kingine kabisa. Yaandike kama alivyoyaandika yeye.