Uhandisi ni kichwa au vidole? Nimechoka na maksi za "unadhifu" hapa Dodoma

Wakuu habari za jioni. Nasoma uhandisi wa umeme mwaka wa pili, chuo kimoja hapa Dom, na naandika nikiwa na hasira kwahiyo mtanivumilia.

Vidole vyangu havinitii. Tangu utoto vifungo vya shati tabu, kamba za viatu tabu, mwandiko kama kuku kaparura. Sio pombe wala uoga, hali yenyewe inaitwa dispraksia, inavuruga mijongeo midogo ya mikono ila akili iko palepale. Nadharia ya sakiti wenzangu wananifuata hosteli niwaelekeze!

Sasa njoo labu. Unapewa kibao cha sakiti, IC (kile kidude cheusi chenye miguu mingi) ambayo miguu yake imepishana milimita 2.54, na muda unahesabiwa. Mkono mmoja ushike pasi ya kusolda, wa pili waya wa solda unaoyeyuka kuunganisha, kibao kishikwe na nani? Nagusa mguu mmoja, tone linatambaa hadi wa jirani, shoti. Nafyonza solda narudia, safari hii shaba ya kibao inabanduka kwa moto, basi tena. Kibano cha kushikia kibao kipo, kimefungiwa kabatini, nikamuomba teknishani akasema "we si mwanaume, mbona dada zako wanaweza", labu nzima kicheko. Nikachukua multimita nikamwonyesha shoti ilipo na kwanini sakiti haitoi kitu. Unadhifu sifuri, muda sifuri, nenda kafanye sapu, yaani mtihani wa marudio.

Droingi ndo usiseme. Penseli ya 2H, karatasi ya A3, vumbi la Dodoma linaingia dirishani na upepo wake, ukifuta kidogo tu kazi yote imechafuka wanakata maksi. Kazi hiyohiyo kwenye AutoCAD, programu ya kuchorea kwa kompyuta, namaliza kabla ya wengi, na ndo wanayotumia maofisini huko jamani.

Nchi hii ina mhandisi, ina fundi sanifu, ina fundi mchundo ambaye kazi yake ni ya mikono. Siwadharau mafundi, kazi yao siiwezi ndo maana sikuiomba. Sasa mbona napimwa kama fundi mchundo halafu cheti waandike mhandisi?

Sheria ya Watu wenye Ulemavu ipo tangu 2010 na inakataza ubaguzi kwenye elimu. Nimeenda nayo ofisini wananiuliza mbona huna fimbo wala kiti mwendo. Wanataka nilete karatasi ya daktari, sawa naifuatilia, kila dirisha linanielekeza dirisha lingine. Na ninachoomba ni kibano, muda wa ziada kidogo na droingi nichore kwa kompyuta, maksi za bure sitaki.

Kama kuna mtu aliwahi kupewa muda wa ziada kwenye praktiko, barua ulimwandikia nani, mkuu wa idara au mshauri wa wanafunzi? Sapu inakaribia. Na wale wa "hama kozi" msijisumbue kukomenti, sihami.