Mrejesho: Mzee wangu na Vita vya Kagera

Wakuu, habari za siku. Kwa ambao hawakuwepo: niliomba ushauri nifanyeje ili mzee wangu, aliyepigana Vita vya Kagera, asimulie aliyopitia, maana miaka yote ukimgusia anabadilisha mada. Mmoja wenu akasema niache maswali, nimtandikie ramani tu mezani. Aisee, imekubali!

Alivaa miwani, akaweka kidole Kyaka, kwenye daraja lililolipuliwa na majeshi ya Amin mwaka 1978, akaanza kupanda nacho kaskazini: Mutukula, Masaka, Lukaya. Hapo Lukaya kidole kikasimama. Barabara ile inakatiza kinamasi, anasema, huna pa kukimbilia kushoto wala kulia. Kumbe kabla ya kuitwa alikuwa mgambo tu! Mlio wa saba saba, ile mizinga ya roketi, akauigiza kwa mdomo mpaka wajukuu wakavunjika mbavu. Kutekwa kwa Kampala, 11 Aprili 1979, ambako mimi ndiko nilikokusubiri kwa hamu, alikupitia kwa sentensi moja: alikuwa hoi kwa malaria.

Nishani yake nimeitia fremu. Sebuleni kagoma, eti si duka, basi iko chumbani kwake. Mimi kifua mbele, kila mgeni namwonyesha.

Ombi lake ni moja, kwenda Kaboya kule Muleba, walikozikwa wenzake. Tunapanga tufike Siku ya Mashujaa, 25 Julai. Mwenye kujua utaratibu wa familia kuingia makaburini pale, tafadhali anielekeze.