Eleanor Roosevelt na Lorena Hickok: hivi tunawasoma sawasawa?

Binti_Maktaba:
Wadau, habari za jioni. Nasoma maisha ya Eleanor Roosevelt, mke wa Rais Franklin D. Roosevelt wa Marekani, na nimekwama kwa Lorena Hickok, yule mwandishi wa shirika la habari la Associated Press (AP). Waliandikiana barua zaidi ya 3,000! Machi 1933, siku chache tu baada ya mumewe kuapishwa kuwa rais, Eleanor anamwandikia Hickok kwamba pete aliyopewa naye inamfariji. Akiitazama anajua anapendwa. Ninaosoma nao wamegawanyika. Mmoja anasema hao ni wapenzi, hakuna cha kujadili. Mwingine anasema wanawake wa enzi hizo ndivyo walivyoandikiana. Wote naona kuna kitu wanakiruka, ila sijakipata. Nisaidieni.

Mzee_wa_Nyaraka:
Dada, wanairuka kazi. Hickok ndiye aliyemshauri Eleanor aitishe mikutano ya habari ya waandishi wanawake peke yao, na wa kwanza ulifanyika Machi 6, 1933. Gazeti likitaka habari za mke wa rais, sharti liwe na mwandishi mwanamke, tena miaka ile ya mdororo wa uchumi ambapo ajira zilikuwa za kugombania.

Mwaka huohuo Hickok akaacha kazi AP, maana huwezi kumpenda mtu hivyo ukaendelea kumwandika kama mgeni. Harry Hopkins, aliyesimamia misaada ya serikali, akamtuma azunguke nchi aone watu wasio na ajira wanaishije. Agosti akafika Scotts Run, West Virginia, kwa wachimba makaa ya mawe. Alikuta mfereji wa maji machafu kando ya barabara, na maji hayohayo ndiyo watu walikuwa wanakunywa, wanapikia na kufulia. Akamweleza Eleanor, naye akaenda kujionea. Kijiji cha Arthurdale, walikohamishiwa baadhi ya wachimba migodi hao, kilitokana na safari hizo. Ukiutoa urafiki ule, sehemu hiyo ya historia haielezeki.

Na si wao tu. Jane Addams aliiendesha Hull House, kituo cha kusaidia maskini na wahamiaji Chicago, kwa msaada mkubwa wa fedha za mwenza wake Mary Rozet Smith, na mwaka 1904 walinunua nyumba pamoja Bar Harbor, Maine. Linganisha na Alice Freeman, rais wa chuo cha Wellesley: alipoolewa mwaka 1887, akaachia urais. Mwanamke aliyetaka mwenza na pia kazi yake alikuwa na njia chache sana.

Sauti_ya_Pwani:
Mzee wangu, shikamoo. Nakubali yote, ila tusiifanye kazi kuwa pazia. Hao wanawake walipendana, na baadhi yao walijua watu watasema nini. Addams alichoma barua nyingi za Mary. Hickok naye alichoma baadhi, lakini zilizobaki alizikabidhi mwenyewe kwa Maktaba ya Franklin D. Roosevelt, Hyde Park, kwa sharti zisifunguliwe hadi miaka 10 baada ya kifo chake. Alifariki 1968, zikafunguliwa 1978. Mtu anayeweka sharti la namna hiyo anataka asomwe. Tukisema "ndivyo walivyoandikiana wote", tunamnyang'anya alichokitunza.

Mzee_wa_Nyaraka:
Marahaba mwanangu. Hapo umenishika, na nakuunga mkono. Nenda hata makaburi ya Woodlawn, New York. Carrie Chapman Catt, kiongozi wa kupigania kura ya wanawake, alikuwa mjane, lakini amezikwa na Mary Garrett Hay. Jiwe lao linasema hapa wamelala wawili waliounganishwa na urafiki kwa miaka 38, katika kuitumikia daima kazi kubwa. Upendo na kazi wameviandika kwenye sentensi moja. Sioni kwa nini sisi tuvitenganishe.

Binti_Maktaba:
Asanteni sana. Hilo la Hickok kuweka sharti nilikuwa sijalisikia kabisa. Wiki ijayo nitawapelekea wenzangu taarifa za Scotts Run na barua za Machi 1933, wazisome kwa pamoja kabla mtu hajaupa uhusiano wao jina lolote.