Wageni sita Jumamosi hii: Mbudya au Bagamoyo?

Binti Mzizima: Wakuu, habari zenu. Nina wageni kutoka Dodoma: watu wazima wanne na watoto wawili, wa miaka 6 na 9. Jumamosi tunataka kutoka Dar na kurudi siku hiyohiyo. Watoto wanataka kuogelea, babu yao anataka kuona mambo ya kale. Twende kisiwa cha Mbudya au Bagamoyo? Usafiri wetu ni daladala na bajaji.

Maji Mafu: Dada, anza na mwezi ndipo uchague mahali. Bamvua, yaani maji kujaa na kupwa kupita kawaida, huja mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, pamoja na siku mbili tatu zinazofuata. Siku hizo pwani ya Dar maji hupwa sana kama saa nne asubuhi, yakajaa kama saa kumi jioni. Kwenye maji mafu, kama mwezi 8 hadi 10 na 22 hadi 24 (siku za mwezi wa Hijria), ni kinyume: yanajaa mnamo saa nne au saa tano asubuhi, na hata yakipwa hayaendi mbali. Kila siku saa husogea mbele kwa dakika 50 hivi.

Ukifika Mbudya saa nne ya bamvua, mara nyingi boti husimama mbali na mchanga. Mnashuka majini na kutembea penye mawe na wale viumbe weusi wenye miiba mirefu. Mwiba ukikatikia kwenye unyayo wa mtoto, kuogelea kumekwisha. Jumamosi yenu ni mwezi ngapi wa Hijria?

Binti Mzizima: Itakuwa mwezi 16.

Maji Mafu: Basi ni bamvua, nendeni Bagamoyo. Mbudya isubiri Jumamosi inayofuata, mwezi 23.

Msafiri wa Mapinga: Naunga mkono, ila msianzie ufukweni. Pandeni gari kituo cha Makumbusho saa moja asubuhi. Ni kama kilomita 65, lakini tengeni saa mbili kwa sababu ya foleni na vituo. Mkishuka Bagamoyo chukueni bajaji moja kwa moja hadi magofu ya Kaole, kilomita 5 hivi kusini ya mji, mkakubaliane na dereva awasubiri. Kule bajaji ya kurudi ni ya kubahatisha. Babu ataona mabaki ya msikiti wa karne ya 13 na makaburi ya mawe ya matumbawe, mengine yana nguzo. Muulizeni mwongozaji kuhusu bandari ya zamani: mikoko na tope viliifunga, ndiyo maana leo mtu anashangaa mji ulijengwa hapo kwa nini. Kaole kivuli ni kidogo, imalizeni kabla ya saa sita.

Kisha Misheni ya Roho Mtakatifu, iliyoanza 1868. Mwili wa mmisionari na mpelelezi David Livingstone uliwekwa hapo 1874 kabla ya kuvushwa Zanzibar. Kuna makumbusho ndani, mpeni babu saa nzima.

Baharini ingieni saa tisa. Maji ya Bagamoyo si meupe kama ya visiwani, Mto Ruvu unaingia karibu na hapo, lakini mchanga ni mpana na watoto watafurahi. Saa kumi na moja kasoro watoeni: bamvua ikianza kutoka inavuta kwa nguvu. Saa kumi na moja na nusu muwe kituoni.

Nanga: Kwa Mbudya ya wiki ijayo: shukeni kituo cha Africana, bajaji hadi ufukweni kwenye boti. Kubalianeni nauli ya kwenda na kurudi, saa ya kufuatwa, na mchukue namba ya nahodha. Ada ya hifadhi ya bahari hulipwa mbali na nauli. Kwa Mtanzania ni nafuu, kwa hiyo watu wazima wabebe vitambulisho. Boya la kuvaa la mtoto ombeni kabla ya kulipa, mlijaribu palepale: la mtu mzima humchomoka mtoto wa miaka 6 akiingia majini.

Kisiwani hakuna maji ya bomba ya kunywa. Bebeni lita 2 kwa mtu mzima, moja na nusu kwa mtoto. Vibanda vya makuti vya kukodi vipo, na samaki wa kuchoma pia, ila agizeni mara mkifika, maana Jumamosi foleni ya jikoni ni ndefu. Simu na nguo kavu ziwekeni kwenye ndoo ya lita 10 yenye mfuniko. Kuanzia Juni hadi Agosti kusi huvuma, na mchana wimbi linapiga boti ubavuni, kwa hiyo rudini kabla ya saa tisa.

Binti Mzizima: Nimeelewa. Bagamoyo Jumamosi hii, na ndoo naitafuta leo.