Tupeane uzoefu: ratiba ya kufuta bakapu za zamani ipo, lakini diski ya seva inajaa

Mwaloni_Data
Wakuu, habari za jioni. Uzi huu ni wa wanaotunza seva za famasi, maduka ya vipuri, saccos na maghala ya samaki hapa Mwanza. Ratiba ya kufuta bakapu (nakala rudufu za data) imewekwa, inasema imefanikiwa, mafaili bado yapo. Kanzidata ya GB 6 ikipigwa bakapu kila usiku bila kubanwa inakula GB 180 kwa siku 30, na mashine nyingi za kaunta zina diski ya GB 256. Tajeni chanzo na dawa. "Izime uiwashe" hatutaki.

Fundi wa Igoma
Naanza na SQL Server, kanzidata ya Microsoft. Maintenance Cleanup Task, kazi yake ya kufuta bakapu za zamani, kwa ndani inaita amri ya xp_delete_file, na ubaya wake ni ukimya: isipokuta cha kufuta, inamaliza na tiki ya kijani.

Kwanza angalia mwisho wa jina la faili. Andika bak, usiandike .bak, ukitia nukta hakuna faili litakalolingana. Kisha folda: inashuka ngazi moja tu, tena ukiwa umeweka alama kwenye kisanduku cha folda ndogo. Bakapu zilizo D:\Bakapu\Duka\Januari haitazifikia kamwe ikiwa umeielekeza D:\Bakapu. Halafu hili linawasumbua wengi: inasoma kichwa cha faili kuhakikisha ni bakapu halisi ya SQL Server. Ukishazifunga kuwa zip haizigusi, hata uandike zip pale kwenye kisanduku.

Ruhusa nazo. Anayefuta ni akaunti inayoendesha huduma ya SQL Server, si wewe uliyeingia kwenye Windows. Hiyo ndiyo ipewe Modify kwenye folda. Na kama bakapu zinaenda NAS (diski ya pamoja iliyo kwenye mtandao), andika \\nas\bakapu, usiandike Z:. Herufi ya diski ya mtandao ni ya mtu aliyeingia, huduma haiioni.

Buzuruga_01
Mkuu Fundi, wengi mjini wanatumia Express, toleo la bure la SQL Server, na hiyo haina SQL Server Agent ya kuendesha ratiba. Ratiba itoke Task Scheduler ya Windows:

`forfiles /p "D:\Bakapu" /s /m *.bak /d -14 /c "cmd /c del @path"`

forfiles haikubali njia ya \\nas. Huko tumia PowerShell:

`Get-ChildItem '\\nas\bakapu' -Filter *.bak -Recurse | Where-Object { $_.LastWriteTime -lt (Get-Date).AddDays(-14) } | Remove-Item -WhatIf`

Hiyo -WhatIf inaonyesha tu kitakachofutwa. Usiitoe mpaka umesoma orodha yote. Na kwenye Task Scheduler ruhusu kazi iliyopitwa na muda iendeshwe mashine ikiwaka, maana umeme ukikatika saa nane usiku ratiba inapita hivi hivi.

Dada wa Terminal
Kwa Linux, makosa mengi yako kwenye cron yenyewe, yaani kiendesha ratiba chake. Saa nane usiku ni `0 2 * * *`. Anayeandika 8 atafuta saa mbili asubuhi, wateja wako kaunta. Seva ya kukodi mara nyingi iko UTC, nyuma yetu kwa masaa matatu, kwa hiyo 2 yake ni saa kumi na moja alfajiri ya huku. Ukitaka saa nane usiku, weka 23.

Alama ya % ndani ya crontab (faili la ratiba za cron) lazima itanguliwe na \, la sivyo `date +%F` inakatwa katikati. Kwenye Debian na Ubuntu, skripti ya /etc/cron.daily yenye jina futa.sh inarukwa kwa sababu ya nukta. Iite futa, kisha hakiki kwa `run-parts --test /etc/cron.daily`.

`find /bakapu -name '*.sql.gz' -mtime +7 -delete`

+7 hapo ina maana faili limetimiza siku 8. Na -delete ikae mwisho kabisa. Ikitangulia mbele ya -name inafagia kila kitu.

Nyegezi Root
Mimi naogopa zaidi ufutaji unaofanya kazi vizuri. `mysqldump | gzip` (kutoa data ya MySQL kisha kuibana) ikishindwa upande wa kushoto, gzip bado inatoa faili la baiti 20 na skripti inasema sawa. Baada ya wiki, bakapu zenye data zimefutwa, zimebaki hizo tupu. Weka `set -o pipefail` juu ya skripti ya bash, ili kosa la kushoto lisimezwe. `gzip -t` peke yake haitoshi, faili tupu linaipita. Kagua mstari wa mwisho:

`zcat leo.sql.gz | tail -n 1 | grep -q 'Dump completed' && /usr/local/bin/futa`

Na afadhali kuhesabu mafaili kuliko siku. Ghala la dagaa linaloweza kuzima mashine siku za mbalamwezi likiwashwa tena, kanuni ya siku 7 itaona kila kitu ni cha zamani. Hii inabakiza 7 mapya bila kujali umri:

`cd /bakapu && ls -1t *.sql.gz | tail -n +8 | xargs -r rm --`

Majina yasiwe na nafasi.

Mwaloni_Data
Na umefuta, lakini df (amri ya kuonyesha nafasi ya diski) bado inasema 100%?

Dada wa Terminal
Kuna programu imelishikilia faili. `lsof +L1` itakutajia, iwashe upya hiyo programu tu. Kama si hivyo, pengine kilichojaa si bakapu. Binlog (kumbukumbu za mabadiliko ya data) za MySQL 8.0 hukaa siku 30 usipobadilisha (binlog_expire_logs_seconds, 2592000). Zipunguze kwa PURGE BINARY LOGS, si rm. pg_wal, folda ya kumbukumbu kama hizo ya PostgreSQL, usiiguse kwa mkono hata siku moja.

Fundi wa Igoma
Nakala ya mwisho wa mwezi iwe folda nyingine ambayo ratiba haiijui. Rekodi za kodi zinatakiwa miaka 5, siku 14 hazitakusaidia.

Pia kagueni betri ya CR2032 ya ubao mama. Ikifa, umeme ukikatika saa inarudi miaka ya nyuma, na bakapu ya usiku huo inapata tarehe hiyo. Saa ikirekebishwa, faili jipya kuliko yote ndilo linafutwa kwanza.