MJADALA: Kumlalamikia Mungu wakati wa mateso ni kukosa imani, au ndiyo sala yenyewe?

Mleta mada

Ndugu zangu, salamu kwenu nyote, wa imani zote na msio na imani.

Naleta hoja iliyonikaa rohoni muda mrefu. Tukienda kumpa pole aliyefiwa au anayeuguza, maneno yaliyo tayari mdomoni ni "kazi ya Mungu haina makosa". Akilia sana, anaambiwa ajikaze asije akakufuru. Akiuliza "kwa nini mimi?", anaonywa kwamba hilo si swali la mtu wa imani. Mimi nasema hapana. Anayemlilia Mungu kwa uchungu, hata kwa hasira, yuko karibu naye kuliko yule tuliyemfundisha kumeza machozi. Na wale ninaowajua waliopoa kiimani baada ya msiba, wengi wao hawakufukuzwa na msiba wenyewe. Walifukuzwa na maneno yetu.

Tumchukue Ayubu, maana ndiye tunayemtumia kuwanyamazisha watu. "Bwana ametoa, Bwana ametwaa" ni sura ya kwanza. Kitabu kina sura 42! Sura ya tatu tu, mtu yuleyule anailaani siku aliyozaliwa. Kuanzia hapo anamhoji Mungu, anataka kesi yake isikilizwe, anadai ajibiwe. Rafiki zake watatu walikaa naye chini siku saba mchana na usiku bila kumwambia neno, na kwa maoni yangu hapo ndipo walipofanya la maana. Walipofumbua midomo wakaanza kumtetea Mungu: lazima umekosa mahali, tubu, nyenyekea. Ukifika 42:7 unakuta Mungu amewakasirikia hao watetezi wake, kwa kuwa hawakunena yaliyo sawa juu yake kama Ayubu alivyonena. Wakaamriwa watoe sadaka, na aliyetakiwa kuwaombea ni huyohuyo mlalamikaji.

Niliwahi kukaa na rafiki yangu aliyempoteza mtoto mchanga. Mikononi alikuwa na kisweta kidogo, anakikunja, anakikunjua, anakikunja tena. Mama mmoja mwenye heshima zake akamshika bega: "Mshukuru Mungu amemchukua mapema, ungeshamzoea ingekuwa vigumu zaidi." Rafiki yangu akajibu, "Asante, mama," akaendelea kukunja. Watu walipotawanyika akaniambia kila akifungua mdomo aombe yanamtoka matusi, kwa hiyo ameacha kuomba. Sikumhubiria. Nilimsomea Zaburi ya 88 yote. Mnaoifahamu mnajua ilivyo: zaburi nyingi za maombolezo huanza na kilio zikaishia kwenye shukrani, lakini hii inaanza gizani na inaishia gizani. Akaniuliza, "Na hii imo kwenye Biblia?" Akaniomba niisome tena.

Naomba nieleweke. Sisemi mateso ni mazuri, wala sisemi Mungu huyatuma ili atuvute kwake. Wanaoyasifia mateso mara nyingi ni ya mwenzao. Ninachosema ni kwamba mlango wa kumfikia Mungu ukiwa umeumia upo, na mlango huo ni kusema ukweli mbele zake. Yesu mwenyewe msalabani alitumia maneno ya Zaburi ya 22: "Mungu wangu, Mungu wangu, mbona umeniacha?" Hakuna aliyethubutu kusema alikuwa amekosa imani.

Karibuni tujadili.

Mchangiaji wa 1

Ndugu mleta mada, mimi ni mchungaji, nimezika watu wengi. Nakuunga mkono nusu. Umerukia 42:7, ukaupita mstari ulio juu yake. Ayubu anasema anajichukia na kutubu katika mavumbi na majivu. Tena Mungu alipoanza kusema naye, sura ya 38, aliuliza ni nani huyu anayetia giza mashauri kwa maneno yasiyo na maarifa. Aliyekuwa akisema na Mungu mpaka hapo ni nani kama si Ayubu?

Hofu yangu ni ya kichungaji. Nimeona waliopewa ruhusa ya kulalamika wakahamia humohumo, mwaka wa pili, wa tatu, hawatoki. Mtu akizama hatumwachii maji, tunampa mkono. Ndiyo maana tunamwambia ashukuru. Hatumaanishi kumfunga mdomo.

Mchangiaji wa 2

Assalaam aleikum. Kwetu Waislamu jambo hili lina mpaka unaojulikana, nami naona ni mpaka mzuri. Nabii Yaakub alimlilia Yusuf mpaka macho yake yakawa meupe kwa huzuni. Wanawe walipomlaumu, alijibu kwamba sikitiko lake na huzuni yake anamshitakia Mwenyezi Mungu (Yusuf, aya ya 86). Na huyo ndiye aliyesema "subira njema". Kwa hiyo subira haimaanishi kukauka macho.

Kumshitakia Mungu ni jambo moja, kumshitaki Mungu kwa watu ni jambo jingine. Mtume, rehema na amani zimshukie, alipofiwa na mwanawe Ibrahim alitokwa na machozi, akasema moyo unahuzunika, lakini hatusemi ila yale yanayomridhisha Mola wetu. Jicho lina uhuru, moyo una uhuru, ulimi una adabu. Hapo kwenye "hata kwa hasira" ndipo ninapoachana nawe, ndugu yangu.

Mchangiaji wa 3

Mimi siamini tena, lakini nimesoma kwa heshima. Swali langu ni moja. Tarehe 1 Novemba 1755, sikukuu ya Watakatifu Wote, tetemeko la ardhi liliupiga mji wa Lisbon, Ureno, asubuhi, watu wakiwa kanisani. Makanisa yakawaangukia. Hao walikuwa karibu na Mungu kadiri walivyojua. Ukaribu huo uliwasaidia nini?

Mchangiaji wa 4

Naandika kwa kifupi kwa sababu namuuguza mama. Mnazungumzia kulalamika na kushukuru, mimi sina nguvu ya vyote viwili. Usiku namgeuza asipate vidonda vya mgongo, nambadilisha, nikikaa usingizi unanichukua kabla sijasema hata "Baba yetu". Simhisi Mungu kabisa. Je, nami niko mbali?

Mleta mada

Naanza na wa 4, wengine mtanisamehe.

Dada au kaka, hapana. Msome Eliya, 1 Wafalme 19. Amechoka, amekaa chini ya mti, anaomba afe. Malaika hakuja na mahubiri. Alimgusa akamwambia ainuke, ale. Kulikuwa na mkate na maji karibu na kichwa chake. Akala, akalala tena. Akaguswa mara ya pili, akala tena. Sauti ya utulivu ilikuja baadaye sana, baada ya mwendo wa siku 40. Kwa hiyo tafuta mtu akupokee zamu hata usiku mmoja, ulale. Na kama giza halitoki hata ukilala, mwone daktari. Hilo nalo si kukosa imani. Kuhusu kutomhisi: barua za Mama Teresa zilizochapishwa mwaka 2007, miaka kumi baada ya kifo chake, zinaonyesha kwamba kwa miongo mingi karibu hakuhisi uwepo wa Mungu, na aliendelea kuwahudumia wanaokufa. Unapomgeuza mama usiku, unafanya ambalo wengi wetu tunalitamka tu.

Mchungaji, hoja yako ya 42:6 ni nzito na ninaikubali sehemu. Lakini tazama mpangilio. Ayubu hakutubu alipoambiwa na rafiki zake, na walimwambia mara nyingi. Alitubu baada ya Mungu kumjia. Mstari wa 5 unatoa sababu: alikuwa amesikia habari zake kwa masikio, sasa jicho lake linamwona. Hakuelezwa kwa nini watoto wake walikufa. Alichopata ni Mungu mwenyewe, naye alimpata kwa kung'ang'ania kesi yake. Anayekwama kwenye malalamiko miaka mitatu, mara nyingi ni kwa sababu anawalalamikia watu wanaomkatiza. Hajapata wa kumsikiliza mpaka mwisho.

Wa 2, mpaka wako nauheshimu na umenisaidia. Ila Yeremia alimwambia Mungu "umenihadaa", na neno hilo likaandikwa likabaki. Kwa hiyo kwenye hasira tutaendelea kutofautiana.

Wa 3, swali la Lisbon sina jibu lake na sitalitengenezea. Atakayekuambia anajua kwa nini makanisa yale yaliwaangukia waumini, anakaa kwenye kiti cha rafiki zake Ayubu. Sioni kwamba ukaribu uliwaokoa na mawe. Ninachoamini, na najua wewe huamini, ni kwamba hawakufa peke yao.

Mchungaji, narudi kwako na ombi. Katika mazishi yajayo utakayoongoza, soma Zaburi ya 88 mpaka mstari wa mwisho, ukae, usiongeze neno. Kisha uje utuambie wafiwa walifanya nini.